Miche Myeupe Niliyoing'oa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya Makete? Dawa unywe wewe, usimgawie jirani, maana nakujua. Mimi hapa chuoni Ntinda ni mzima, ila moyo hauna raha. Sitafika kwenye harusi ya mdogo wangu Tumaini. Keti kwanza nikueleze, kosa ni langu mwenyewe.

Ile ngano ninayoisomea huku, baadhi ya miche yake huota myeupe kabisa. Haina umbijani, ile rangi inayousaidia mmea kujitengenezea chakula kwa jua. Huishi siku chache kwa akiba ya mbegu, kisha hufa. Sisi huiwahi ikiwa hai, tukapima asidi amino zake, yaani vile vipande vidogo vinavyojenga protini, tukalinganisha na za miche ya kijani. Mara ya kwanza myeupe ndiyo iliyokutwa nazo nyingi zaidi. Tunadhani inazirundika tu, haina nguvu ya kuzitumia. Ilibaki tupime mara ya pili tuwe na hakika, halafu nifunge mizigo nije.

Jumatatu asubuhi nilikuwa namwagilia trei, mawazo yote kwenye gauni la Tumaini. Mikono ikafanya ulichonizoesha tangu utotoni: ngano iliyokosa rangi, ng'oa. Niling'oa yote, Mama, trei tatu. Nilipozinduka nina fungu zima mkononi na najisifia shamba limependeza. Nikaitupa shimo la taka, nikaondoka kimya. Naona aibu hata kuandika.

Mchana mwalimu wangu alikuta miche myeupe haipo, akamwita mzee Opio, mlinzi wa banda la mimea, askari wa zamani kutoka kaskazini. Alisimama wima kama bado yuko kambini. "Madamu, mimi sijui hii kitu. Lakini funguo iko na mimi, basi makosa ni ya mimi." Mwalimu akanyoosha mkono, akamwambia arudishe funguo.

Hapo nikasema ni mimi. Mwalimu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alimrudishia mzee funguo zake, kisha akaniagiza nipande upya, niilee miche mwenyewe kila siku mpaka ipimwe. Kupima kutaangukia wiki ileile ya harusi.

Jioni Opio alinisubiri mlangoni na muhogo wa kuchoma. "Wewe dada, ungekaa kimya, nani angejua?" Akaumega, tukala pamoja.

Nisalimie Baba, na bibi, na shangazi anayeshona gauni. Tumaini usimsomee barua hii. Nitampigia mwenyewe, anilaumu mpaka atosheke.

Ningenyamaza, Mama, ningekuja, ungenikumbatia mlangoni, wala usingejua kwamba kuna mzee amerudi kwao bila kazi kwa ajili yangu. Nikaona heri unikose.

Ni mimi mwanao,
Upendo