Kwa Mama Grasiana: Wanachokula Watoto Siku Hizi

Mama Grasiana,

Natumaini u mzima huko Kasulu. Watoto wanapanda basi leo asubuhi kuja kwako likizo, kama tulivyokubaliana mbele ya kaka yako. Barua hii anayo Grasiana. Sijaifunga, wakitaka waisome njiani, hakuna neno humu lisilowahusu. Nataka tu ujue wanachokula siku hizi, usije ukashangaa wakikuomba.

Ulipoondoka, Yusta ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Siulizi kwa nini uliondoka, hilo tulilimaliza. Jioni ile watoto walikaa jikoni kama walivyozoea, wakanitazama. Mimi ni fundi wa kupiga lipu, nyumba nyingi za mtaa huu zimepita mikononi mwangu, lakini jikoni sikujua kinachoanza ni unga au maji. Nikatia vyote kwa pamoja. Ugali ukatoka na madonge, na kila donge ukilipasua ndani unga mkavu. Grasiana akala hivyo hivyo. Yusta akauliza, "Baba, hiki ni nini?" Dada yake akamkanyaga mguu.

Habari zikafika Busunzu. Unamjua dada yangu Dafroza, hakawii. Akaja na begi tupu la kubebea nguo zao.

"Mdogo wangu, hawa nawachukua," akasema kabla hajakaa. "Mwanaume atapika siku mbili. Ya tatu atawapa chai na maandazi, ya nne atasema hana njaa."

"Dada, kaa kwanza uone mwenyewe."

"Nione nini? Moshi?"

Hata hivyo akakubali kukaa mpaka siku ya gulio.

Ndipo nilipoanza kukukumbuka jikoni. Nikirudi kazini nilikuwa nakaa pale mlangoni, naosha miguu saruji itoke, wewe unapika. Nilidhani sitazami. Kumbe nilikuwa natazama. Nikakumbuka kwamba ulikuwa unakoroga unga kidogo kwenye maji ya baridi, unaumimina kwenye maji yanayochemka, unauacha utokote kama uji. Grasiana akitaka kuongeza unga unamwambia, "Acha uchemke kwanza." Kisha unaongeza kidogo kidogo huku unasonga, unaukandamiza kwenye ukingo wa sufuria. Nikafanya hivyo hivyo. Ukashikana. Lengalenga, mchicha wetu wa huku, nayo nikaikumbuka: unaosha, unakata, unakaanga kitunguu na nyanya kwa mawese kidogo, unatia mboga, unafunika. Maji hukuwa unaongeza, kwa sababu majani yana maji yake.

Maharage ndiyo yalinishinda. Niliyabandika mchana, jioni bado yanagonga sufuria kama kokoto. Dafroza yuko kwenye mkeka, na begi liko pembeni yake. Nikatoka nje nikakupigia. Tulikuwa hatujaongea tangu uondoke.

"Maharage hayaivi," nikasema.

Ukauliza, "Uliyaloweka?"

"Hapana."

"Chumvi umeshaweka?"

"Tangu mwanzo."

"Ongeza maji ya moto, si ya baridi. Funika, usubiri. Siku nyingine yaloweke tangu jana yake, na chumvi iwe mwisho kabisa."

"Sawa."

"Haya."

Ukakata simu. Hukuuliza habari za mtu, nami sikukupa. Tulikula tumechelewa, Yusta anasinzia na tonge mkononi.

Siku ya gulio nikayapika tena, safari hii yaliyolala kwenye maji. Yakaiva, yakapondeka kwa mwiko. Nikakaanga kitunguu kwenye mawese, nikatia nyanya mpaka ikalainika, nikamimina maharage na mchuzi wake, chumvi mwisho. Pembeni viazi vitamu vya kuchemsha. Dafroza akala, akaongeza, akanawa. Kisha akaenda chumbani kwa watoto. Grasiana alikuwa ameshakunja sare za shule, zake na za mdogo wake, ameziweka kitandani anangoja kuambiwa.

"Rudisha nguo, mwanangu," Dafroza akamwambia. "Mnabaki na baba yenu."

Akachukua begi lake tupu akaenda kutafuta bodaboda. Mimi nilibaki uani na vyombo. Nilikaa kitambo kabla sijaweza kuviosha.

Sasa tunaendelea vizuri. Jumapili ni dagaa. Grasiana anawatoa vichwa, anawaosha kwa maji ya moto mchanga utoke, anawakaanga mpaka wakauke, ndipo anatia kitunguu, nyanya na ndimu. Anapika bila kusimamiwa. Yusta kazi yake ni kuchambua maharage na hataki mtu amsaidie. Bamia hali, usimlazimishe. Wakiingia jikoni kwako, wape nafasi.

Hasira sina. Nilikuwa nayo, sijui iliondoka lini. Na nikikukumbuka, sikumbuki maneno tuliyotupiana. Namkumbuka mtu aliyenipa mgongo, anasonga ugali, redio inaongea na yeye anaijibu. Hilo nimeona nikuambie, kwa sababu si baya.

Likizo iliyopita ilipokwisha, uliwarudisha mpaka stendi ya Kibondo, ukawashusha, ukapanda gari lingine kurudi. Nilikuona dirishani. Mara hii usifanye hivyo. Nyumbani si mbali, unapajua. Ingia, unawe, ule na wanao, kisha uende zako. Hakuna atakayekuuliza kitu. Nitakupakulia mwenyewe.

Safari njema kwao, na amani kwako.

Baba Grasiana