Karatasi Chini ya Mlango

Sauda, uko wapi? Nimemuuliza bibi swali dogo tu: tukihamia Lusaka kikazi, mtoto nimwache kwanza mpaka tupate nyumba? Bibi akalia. BIBI, Sauda!

Kumbe mwaka 1974 babu Andongwisye alihamishiwa Zambia, kazi ya reli. Bibi yuko jikoni, kijijini Ikuti, mama yangu mgongoni, miezi minane. Akamsikia baba mkwe sebuleni: "Andongwisye, huko nyumba hamjapewa, hata maziwa ni ya kununua. Mjukuu abaki, ng'ombe tunaye."

Na mila zetu unazijua, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi. Bibi akakumbuka kisomo chake cha jioni, kile cha watu wazima. Akaandika, "Mwanangu naenda naye," akaisukuma karatasi chini ya mlango.

Mzee hajui kusoma! Akampa babu.

Babu akaitazama, akamtazama baba yake, akasoma: "Anasema asante, baba."

ASANTE, Sauda! Na bibi anasikia yote.

"Hata kukohoa niliogopa, mjukuu wangu," ananiambia. Siku ya safari akafungua mbeleko, akamwacha mama kwa wakwe.

Sasa mwanangu kalala mapajani. Tiketi zetu tumeshakata, yake bado.