Kondoo wa Mjomba Akuoko

S.L.P. 14,
Nkwaboaso, Ashanti.
9 Machi 2019

Mpendwa Serwaa,

Kosa la wengi ni kumwandikia aliye mbali habari njema tu, ati asiumie. Mimi sitakuficha. Lakini salamu kwanza. Hujambo huko Toronto? Watoto wamepona kikohozi? Sisi tu hai, ingawa goti langu halinisikii tena.

Bibi yako bado yuko mochwari. Najua ulidhani tumeshamzika. Kilichokwamisha ni mjomba wako Akuoko, mdogo wangu.

Wewe unamjua kama profesa wa falsafa. Ujanani alikuwa luteni jeshini, kisha akapima mikopo benki. Uzeeni wizara ikamtoa chuoni aandike sera ya kuunganisha shule ndogo. Jeshi lilimfunza kujibu papo hapo, benki ikamfunza kukata kinacholeta hasara, falsafa ikamfunza kutetea yote mawili. Sera hiyo ndiyo iliyofunga shule yetu.

Nana, chifu wetu, akamwita aeleze, akitoa hoja kwamba shule haikustahili kufungwa. Kama ujuavyo, Nana haambiwi neno moja kwa moja. Unamwambia msemaji wake, naye hulifikisha likiwa limelainika. Mjomba wako akampita msemaji, akamkazia Nana macho, akasema, "Nana, hoja yako ina kasoro mbili."

Msemaji, Mzee Twumasi, akacheka bila furaha. "Profesa, hata kasoro zina mlango wa kuingilia."

Baraza likamtoza mjomba wako faini ya kondoo na chupa ya pombe ya tambiko. Asipovipeleka Ijumaa, mama yetu hapewi kaburi hapa. Anakataa, anasema hoja haiombewi radhi. Nikamweleza kwamba kondoo si wa hoja, ni wa namna ilivyotamkwa. Akanijibu, "Kaka, mimi si mwanafunzi wako."

Kondoo nimeshamnunua, yuko uani, ila mkono wangu haukubaliki. Mkosaji ndiye hushika kamba. Naye amejifungia chumbani. Bakuli la fufu tunalompelekea linarudi lilivyokwenda.

Kusema kweli nimekata tamaa. Nimefundisha watoto wakaidi maisha yangu yote, lakini sijui mtu anayejua kila jibu hufundishwaje. Sioni kama atatoka. Naona mama akizikwa ugenini, kama asiye na watoto.

Mama yako anakusalimu. Siku hizi hasemi sana. Msalimie mumeo Baffour na wajukuu wangu. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Akuoko hajawahi kukukatalia neno. Barua hii nakutumia picha yake kwa simu, maana posta haitawahi Ijumaa; mpigie leo. Usibishane naye, mwombe tu afungue mlango.

Wako akupendaye daima,
Mjomba Gyimah