Wale Douze wa Maître Numbi

Leicester, 13 Oktoba 2024

Papa mpendwa,

Shikamoo kutoka huku kwenye mvua. Macho yanaendeleaje? Jirani yako Rolande ameniambia daktari wa Woluwe anasema mtoto wa jicho bado hajaiva. Usichoke kungoja, na usishuke ngazi peke yako. Mimi mzima. Usicheke Kiswahili changu kikinyooka. Kosa ni la Hamissi, mwalimu wa sayansi kutoka Tanga. Akinisikia nasema "batoto" anashika kichwa.

Papa, huku watu wanabishana kuhusu shule kama kwetu wanavyobishana kuhusu mpira. Serikali mpya imeondoa ile alama ya neno moja ambayo wakaguzi walikuwa wakiibandika shule nzima, na sheria nyingine inangojewa Bungeni. Wako wanaotaka mashirika yanayoendesha shule yaachiwe uhuru wao, wako wanaosema uhuru huo umezidi. Chumba chetu cha walimu kimegawanyika, birika la chai tu ndilo linalotukutanisha.

Lakini linaloninyima raha ni dogo zaidi. Katika darasa langu la Kifaransa kuna msichana, Amira, miaka kumi na tano. Mama yake, Naïma, ni Mrundi wa Buyenzi, anaongea Kiswahili kama sisi, walikaa huko kwenu Brussels kabla ya kuhamia huku. Mama anaumwa mgongo, siku nyingine hawezi kuinuka, na Amira anabaki kumhudumia. Kwa hiyo anakosa shule, na alama zake zimeshuka. Mwezi wa tano ana mtihani mkubwa, ule ambao matokeo yake yanatangazwa shule kwa shule.

Mkuu wa shule ameniita ofisini. "Sephora, mama yake anakuamini, mnaongea lugha moja. Mwambie binti atasoma vizuri zaidi nyumbani. Asaini tu karatasi ya kumwondoa shuleni."

Akitoka kwenye daftari kabla ya Januari, alama zake hazihesabiwi kwetu. Hilo hakulisema. Haikuwa lazima.

Papa, wewe ulipitisha darasa zima, cent pour cent, mpaka jina lako likasomwa redioni Lubumbashi. Ungefanya nini?

Mtoto wako,
Sephora


Berchem, Brussels, 27 Oktoba 2024

Mutoto wangu Sephora,

Barua yako ilifika juzi, Rolande alinisomea mara mbili. Namushukuru Mungu kama uko muzima. Mimi pia niko, macho tu njo inakataa. Asubuhi brouillard, ule ukungu, inaingia mpaka kati ya majumba yetu, na jicho inaongeza brouillard yake, alors naona bantu wanatembea bila miguu. Tram inapita polepole, kama kitu muntu anajaribu kukumbuka.

Iko ndoto moja inanirudilia. Niko mu classe, chaki mukononi, naita majina. Batoto wanajibu "présent", moja moja. Kisha nafika mahali fulani mu cahier, daftari ya majina, na karatasi ni nyeupe. Najua kuna majina pale, na siyaone. Nyuma ya dirisha kuna maji, maji mingi ya kimya, imefika sawa na benchi. Hakuna mutoto anaogopa. Wananiangalia tu. Bon. Ni ndoto ya muzee.

Unauliza ningefanya nini. Umutii mukubwa wako. Mwalimu hatungi sheria. Mu Zaïre walitubadilishia mpaka majina yetu, na kesho yake tulifungua classe kama kawaida. Serikali zinapita, mwalimu anabaki na mukate wake. Usipigane na direction ya shule, mama yangu.

Vaa vizuri, baridi inakuja.

Papa yako,
Numbi


Leicester, 8 Desemba 2024

Papa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba umeanza kuvaa lile koti nililokuletea.

Nimefanya. Nilienda kwa kina Amira Jumamosi. Naïma alikuwa amelala kwenye kochi, mto mgongoni, akanipa chai na kunikaribisha kama ndugu. Nikamweleza. Nilitumia maneno mazuri, Papa, hata mimi nilishangaa ninayo mengi namna ile. Akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, itakuwa vizuri kwake?"

Nikasema ndiyo.

"Basi, wewe ni dada yetu. Ukisema ni vizuri, ni vizuri." Akasaini.

Amira alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Aliniangalia kama mtu anayemtazama abiria ndani ya treni inayoondoka.

Shuleni nimeshukuriwa. Kiti chake kiko palepale, mstari wa pili. Wanafunzi wanakiwekea mikoba.

Niandikie kwamba sikukosea.

Mtoto wako,
Sephora


Leicester, 16 Februari 2025

Papa mpendwa,

Hujambo? Barua yangu ya Desemba hujaijibu, na simu hupokei. Rolande anasema unakula, unatembea, unaenda sokoni Flagey kila Jumapili na kurudi umenyamaza. Kama nimekuudhi, niambie. Kama ni macho, mwambie Rolande aandike kwa niaba yako. Neno moja linatosha.

Mtoto wako,
Sephora


Berchem, 9 Machi 2025

Sephora wangu,

Salamu. Mwili ni muzima, usiogope. Hii barua naandika kwa mukono yangu mwenyewe, kwa feutre, kalamu nene ya wino, kwa sababu siwezi kumupa Rolande hii maneno aibebe mudomoni. Utanisamehe mistari inaanguka.

Ulinitumia barua yote ile juu ya ule mutoto wa kike, na ukaniomba niseme hukukosea. Kila mara nilikamata kalamu, mukono ikakataa. Sasa sikiliza.

Katika mwaka wa quatre-vingt-quatre, themanini na nne, nilikuwa na batoto quarante-deux mu sixième primaire, darasa la sita. Arobaini na wawili. Inspecteur alikuwa anakuja, direkteri alitaka shule ipate jina. Akaniambia: "Maître, peleka tu wale watapita." Nikachagua trente, thelathini. Wale douze, kumi na wawili walibakia, nikawaambia wakae nyumbani, watarudilia mwaka. Nilisema kwa sauti nzuri. Wazazi walinishukuru! Trente walifanya mtihani, trente wakapita. Cent pour cent. Redio ikanisifu, mama yako akachinja kuku. Na wale douze, mwaka uliofuata walirudi watatu.

Njo ile ulikuwa unajivunia, tangu uko mutoto mudogo. Mimi niliacha ujivune.

Januari, siku ya Jumapili, nilikuwa Flagey mu marché, natafuta pondu, majani ya muhogo. Mvua ilikuwa imesimama, sakafu ya place, uwanja wa soko, ilikuwa na maji kidogo, na mbingu yote ilikuwa chini ya miguu yetu. Nikasikia sauti ya mwanamuke: "Maître Numbi!" Tangu miaka quarante hakuna muntu ananiita vile. Nilifikiri niko tena mu ndoto.

"Ni mimi, Mauwa," akasema. "Mauwa wa benchi ya nyuma."

Nilikumbuka, Sephora. Alikuwa mumoja wa douze. Nilitaka kukimbia, lakini na haya macho muntu anakimbia wapi? Nilimuambia palepale, mbele ya mboga: "Mauwa, ni mimi nilikutoa." Akasema: "Najua, Maître. Ile asubuhi ya mtihani nilikuja hata vile. Nilisimama inje ya mulango. Nilifikiri labda utaita jina yangu."

Hakulia. Mimi njo nililia. Akanipa kitambaa.

Anasafisha hospitali kule Woluwe, na anataka kuingia formation ya aide-soignante, musaidizi wa wauguzi. Iko mtihani ya kuingilia, hesabu na français, mwezi wa tisa. Aliniuliza kama bado ninafundisha. Alors kila mercredi, Jumatano, anakuja hapa kwangu. Natumia feutre kubwa, tunafanya fractions, zile nusu na robo. Ana miaka cinquante-trois, hamsini na tatu, na anauma kalamu kama mutoto.

Nilikupa shauri mubaya, kwa sababu shauri muzuri ingenihukumu mimi. Uko na bahati sikuwa nayo: mtihani ya Amira haijafika. Enda ugonge ule mulango.

Papa yako, naomba unisamehe,
Numbi


Leicester, 20 Aprili 2025

Papa,

Pasaka njema. Nilikasirika wiki mbili. Sitakuficha. Halafu nikavaa viatu.

Safari hii Naïma hakunipa chai. Nikamwambia nilimdanganya, kwamba ile karatasi ilikuwa kwa faida ya shule, si ya Amira. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikuamini kwa sababu ya Kiswahili." Sijawahi kupigwa kofi kama hilo.

Amira ndiye aliyeniuliza, "Bado siku ngapi mpaka mtihani?"

Shule imekataa kumrudisha. "Daftari limefungwa," mkuu alisema. Lakini kuna chuo upande wa pili wa mji kinachopokea watahiniwa wa nje, na wamekubali kumwandikisha masomo matatu, Kifaransa, Kiingereza na hesabu. Tunasoma maktaba, mimi na yeye, na Hamissi kwa hesabu. Jua la alasiri linaingia kupitia vioo vya juu, vumbi linaelea, na Amira anasinzia katikati ya sentensi kisha anaamka na jibu.

Huko London wabunge wanajadili kama kila mtoto asiye shuleni aandikwe kwenye orodha. Wako wazazi wanaofundisha nyumbani kwa hiari yao na hawataki kufuatwafuatwa, nami nawaelewa. Ila namfikiria huyu, ambaye hakuna orodha iliyokuwa na jina lake. Kwa hiyo nimewaandikia wakuu wa elimu wa mji yale niliyofanya na nani aliniagiza, na nimeweka jina langu. Hamissi alisoma, akasahihisha nukta mbili, akasema, "Haya, sasa peleka."

Huenda nikapoteza kazi. Nimekusamehe. Nipe muda tu nizoee jambo hili.

Mtoto wako,
Sephora


Leicester, 21 Agosti 2025

Papa yangu,

Hujambo wewe, na Maman Mauwa hajambo? Naandika haraka, niwahi posta.

Matokeo yametoka leo. Kifaransa Amira amepata alama ya juu sana, Kiingereza amepita. Hesabu ameanguka. Alikaa juu ya ukuta mfupi nje ya chuo, karatasi mapajani, akasema, "Alors, hesabu nitarudia Novemba," kama mtu anayepanga kwenda dukani. Naïma alikuja akitembea na fimbo. Hakunikumbatia. Alinishika kiwiko, akakishikilia mpaka kituo cha basi.

Watu wa elimu walikuja shuleni, wakapekua madaftari, wakawakuta watoto wengine watano waliotoka namna ileile. Mimi mkataba wangu haukuendelezwa. Hawakusema sababu. Mwezi ujao naanza kufundisha watu wazima, jioni tatu kwa wiki. Nalala vizuri, Papa.

Mtoto wako,
Sephora


Berchem, 7 Septemba 2025

Mutoto wangu,

Salamu nyingi, na pongezi kwa Amira, umupe mukono wangu. Jicho ya kuume walishaitengeneza. Naona majani mu miti sasa, moja moja, na bantu wamepata miguu yao. Nilikaa juzi pembeni ya étang, ziwa mudogo ya Flagey, nikaangalia bata mpaka shingo ikaniuma.

Nilianza kuandika majina ya wale douze. Nimepata tisa. Mauwa alinisaidia na mbili, na mumoja wao, anasema, alikufa zamani kule Kolwezi. Tatu haziji. Hata mu ndoto haziji.

Mtihani ya Mauwa ni lundi en huit, Jumatatu ya tarehe kumi na tano. Mercredi iliyopita tulikuwa na fractions, akaweka kalamu chini, akaniuliza swali sikufikiri ataniuliza.

"Maître, kama ungenipeleka ile mwaka, ningepita?"

Nilitaka kumuambia ndiyo. Ilikuwa rahisi, na yeye alikuwa anangoja. Lakini nilifikiri juu yako, na ile chai Naïma hakukupa.

Nikamuambia: "Sijue, Mauwa. Njo dhambi yangu ile. Sikujua, na sikutaka kujua."

Kisha akavuta cahier.

"Bon," akasema. "Sasa tutajua."

Papa yako,
Numbi