Taa Inayomkonyeza Mzee

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinicheke. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, naishi peke yangu, kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini kumi na mbili nikiongoza taa za barabarani za jiji letu hili janja, ambamo kila mashine inaongea na mwenzake ila mimi naweza kumaliza wiki sijaulizwa hali. Sasa kuna mzee mmoja, kila siku saa nne asubuhi hufika kwenye kivuko na kuivulia taa kofia, na siku moja kwa utani nikaizima na kuiwasha ile ya kijani mara mbili, akacheka, akavuka akicheza, na tangu hapo ni miezi saba tunataniana hivyo, hata akamleta jirani yake aje ashuhudie.

Mwezi uliopita niliugua. Niliporudi nikatazama kilichorekodiwa: mzee alivua kofia mara nne, taa kimya, akakaa ukingoni mwa barabara saa nzima, kisha akarudi alikotoka bila kuvuka. Nililia kazini, mshauri. Na mwisho wa mwezi huu taa zote zinaachiwa kompyuta, mimi nahamishiwa idara ya maji. Nikimwambia, atajua alikuwa akitazamwa muda wote, aone aibu. Nikinyamaza, atasubiri taa isiyomjibu. Nifanyeje?

Ni mimi, Mtu wa Skrini

Jibu la mshauri: Dada yangu, pole. Barua yako imenikaa rohoni. Lakini acha nikukaripie kwanza: taa ya barabarani si ya kuchezea, kuna madereva wanaoitegemea, na siku moja utani wenu ungemgongesha mtu. Acha.

Halafu, wewe umemjua mzee huyu miezi saba, yeye hajakujua hata dakika moja. Unasema unaogopa aibu yake. Mimi naona unaogopa yako, maana ukiwa nyuma ya skrini hakuna wa kukukataa.

Kesho omba ruhusa ya asubuhi moja, ushuke, usimame kivukoni kabla hajafika. Mwambie, "Shikamoo baba, aliyekuwa akikujibu ni mimi." Usizunguke, na usimmwagie upweke wako papo hapo. Akikasirika ana haki, omba radhi uende zako. Ila mtu aliyekaa saa nzima kando ya barabara akingoja kujibiwa, sidhani kama alikuwa akiisubiri taa.