Mzee Mmoja Hakuwa Wangu

Shoga, upo?

Leo nimeachiwa wazee peke yangu kwa mara ya kwanza. Kumi na wawili, ziara ya polepole hapa mjini Göteborg. Bosi kasema nikimpoteza hata mmoja, kesho nisije.

Baada ya kahawa nikawapandisha botini, nikahesabu. Kumi na wawili. Nikahesabu tena. Kumi na wawili. Roho kwatu.

Katikati ya mfereji namfunika babu mmoja blanketi, namuuliza, "Bibi Majlis aliyekuwa hapa yuko wapi?"

"Majlis ndiye nani?"

Nikamtazama vizuri. Shoga, huyo babu simjui. SIMJUI.

"Babu, wewe wa kundi gani?"

"La mji wa Borås. Nilikuta nafasi, nikakaa. Hakuna aliyeniuliza."

Na wazee wangu wote walijua kuwa ni mgeni! Bibi Solveig ananiambia taratibu, "Tulimwona, binti. Lakini kumuuliza mtu anakwenda wapi si adabu." Nusu saa wanampa mikate ya mdalasini na kumpisha dirishani.

Tumerudi gatini, nimekimbia hadi mkahawa wa pili, alikosema babu kundi lake lipo. Bibi Majlis huyu hapa, katikati ya watu wa Borås, na sahani ya keki ya mlozi.

"Bibi, nimekutafuta mpaka roho imenitoka. Twende."

Akanitazama kuanzia viatu.

"Karatasi yenu ya ziara imeandikwa hakuna haraka. Sasa mbona unanikimbiza?"

Nimevuta kiti, namsubiri amalize. Kaagiza kipande kingine. Bosi anapiga, sipokei.