Milioni Moja na Tatu

Kindu, Kasuku

Dada yangu Katungu,

Mawese uliyotuma yamefika, mazuri kabisa. Upepo umeng'oa bati la jikoni.

Kesho naitwa kwenye ofisi ya chama. Darasani nilifundisha, kwa Kifaransa, kwamba milioni moja na tatu ni *nombre premier*: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mumeo alipopita hapa akaniuliza nafundisha nini, nami nikamfasiria kwa Kiswahili, neno kwa neno, *premier* ikawa "ya kwanza", kwa mzaha: "Namba ya kwanza, hata ikiwa kubwa namna gani, haigawani na muntu."

Akacheka. "Na Citoyen wa Kwanza je, Shemeji, anagawana?"

Nikamwongezea ugali. Sasa nashtakiwa kwamba nimesema Rais hagawani na muntu. Nchi gani hii, hesabu nayo ni uhaini? Tena neno la mashtaka ni lile lile la Kiswahili, ambalo wanafunzi wangu hawakulisikia. Mezani tulikuwa wawili tu.

Dada, wewe hukusoma, na anayekusomea barua ni yeye. Basi, Shemeji, hapa usiruke. Msomee kwa sauti, kisha umwambie leo niko wapi.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Sikuli